Pete ya Mama Nekesa

Jumanne, Kitale

Bado naiona ile zambarau ikififia chini ya moto wangu.

Jiwe la pete ya Mama Nekesa lilikuwa na rangi mbili, nusu zambarau, nusu manjano kama asali. Mjane huyo alitoka Bungoma mpaka hapa dukani nimpanulie pete, maana vidole vimevimba. Jiwe kama hilo hutolewa kwanza, ndipo uchomelee. Nimewafundisha mafundi wangapi hivyo? Leo nilikuwa na haraka. Nikalifunika kwa kitambaa chenye maji, nikawasha moto.

Zambarau yote ikaisha. Likabaki manjano tupu.

Alipokuja saa kumi nilimwambia ukweli kabla hajauliza. Akaipeleka pete dirishani, akaigeuza.

"Marehemu alisema zambarau ni mimi, manjano ni yeye," akaniambia. "Kumbe aliyebaki ni yeye."

Nikasema nitamtafutia jiwe lingine.

"La nini, bana? Si hii sasa imenitosha?"

Akaivaa, akanishukuru, akaenda zake. Heri angenigombeza.