Matundu ya Mkono wa Kushoto

Jumanne, Keko

Hatimaye Mzee Kondo, bosi wetu, kaniachia mie nitoboe benchi jipya la kurandia matundu ya vigingi vya kuzuia mbao. "Hiyo ni mbao ya mkongo," akasema. "Ukikosea, hakuna kuziba."

Mie natumia kushoto. Benchi la zamani lina mstari mmoja wa matundu, upande wa wanaotumia kulia. Miaka mitatu napiga randa nimejipinda, mgongo unauma hadi kitandani. Nilishamwambia mama, aliyeko Kigoma, kwamba narudi nyumbani.

Nikachora kwa chaki mistari miwili ya alama za matundu, mmoja kila ukingo. Mussa, fundi mwenzangu, akacheka. "We mashoto, hilo benchi au chujio?"

"Mstari wako huo hapo, braza. Huu niachie."

Mzee akainama, akachungulia chini, akafuta alama mbili zilizoangukia juu ya miguu ya benchi. "Hapa kigingi kikikwama utakigonga kutokea wapi?"

Kweli, hilo sikuliwaza. Alama zingine kaziacha zote!

Jioni, matundu yakiwa tayari, nimeranda hapo ubao wa kitanda mwanzo mpaka mwisho, nimesimama wima kama mtu. Mgongo kimya.

Kesho nampigia mama. Sijui nitaanzaje, lakini Kigoma sirudi.