Mashine Isiyo na Sakafu

Mpendwa shemeji Nyamisi,

Dada yako ananiuliza kwa nini namwandikia mtu tuliyemzika kule Nyasura mwezi uliopita. Nimemwambia wewe ndiye uliyekuwa unanipinga vizuri. Tangu umeondoka kila mtu ananikubalia, na hali hiyo siiamini.

Nimekumbuka ofisi yetu ya Iringo, pale Musoma, miaka ile viwanda vya umma vilipokuwa vinauzwa. Mnunuzi wa kiwanda cha kuchambua pamba kule Bunda alitaka mashine kuukuu izungushwe kwa kasi zaidi msimu ukifunguliwa. Sisi wawili, wahandisi, tulitakiwa kuthibitisha kwa sahihi zetu kwamba itahimili. Kando ya mashine ile walisimama akina mama wa kulisha pamba. Kama ingepasuka, ingeanza na wao.

Tuliichora mashine ndani ya kompyuta, tukaiambia kompyuta iige mtikisiko wake. Ilitambaa asubuhi nzima, kisha hesabu ikakatika. Mimi nikashuku umeme wa Musoma. Wewe ukamshuku aliyetuuzia kompyuta, ukamshuku mnunuzi, ukanishuku na mimi.

Uvivu ule tuliupatia dawa. Mle kwenye kompyuta nilikuwa nimeikata mashine nzima katika vipande vidogo mno vya kuhesabiwa kimoja kimoja, hata bati la kifuniko lisilobeba kitu. Kompyuta ikazidiwa, ikawa inaweka na kuchota kwenye diski kama mtu anayejaza pipa kwa kikombe. Tukabakiza vipande vidogo kwenye mhimili na miguu tu. Ikakimbia, halafu ikakatika mapema kuliko mwanzo.

Ndipo nikaona kwamba mle kwenye kompyuta sikuwa nimeifunga mashine sakafuni. Kompyuta haijui kwamba duniani kuna sakafu. Kitu kisichoshikwa, ukikisukuma kidogo, kwake kinakwenda moja kwa moja bila kusimama, na hesabu inakosa jibu. Nikaandika kwamba miguu yote minne imekazwa kwa bolti. Jibu likaja kabla chai haijapoa, tena jibu zuri. Nikachukua kalamu.

"Hizo bolti umeziona?" uliniuliza.

Nikasema zimo kwenye mchoro wa kiwanda, na hakuna mashine isiyo na bolti.

"Shemeji, wewe unaaminiga haraka. Ndiyo maana dada yangu alikupata kirahisi."

Tukaenda Bunda. Fundi mkuu alitupokea kwa maneno mengi. Wewe ukapiga magoti, ukachomoa matambara yenye mafuta miguuni mwa mashine. Miguu miwili ilikalia kabari za mbao. Fundi akaeleza, bila aibu, kwamba miaka ya dhiki vipuri vilipokosekana bolti zile walizihamishia kwenye mashine nyingine. Ndivyo walivyoishi wote wakati ule. Wakazoea, wakasahau. Kompyuta, ilipokatika, ilikuwa imetuambia kweli.

Mtu wa mnunuzi akasema imesimama hivyo miaka mingi na haijadhuru mtu.

"Basi simama wewe hapo," ukamwambia, "tuizungushe kwa kasi yako mpya."

Alirudi nyuma hatua moja. Bolti zilipatikana kabla ya sahihi zetu.

Siku hizi kompyuta ya mjukuu wangu inatoa jibu kabla hujamaliza swali, na vijana wanafurahi. Mimi nawauliza miguu imeshikwa na nini.

Jumapili nilikuja kaburini kwako. Waliolijenga waliapa kwamba msalaba umekazwa. Nikaushika, nikautikisa. Ulicheza, shemeji. Kesho nakuja na saruji.

Pumzika,

Shemeji yako, mume wa dada yako