Shahidi wa Pili

Mutua, ndugu yangu,

Nilikuficha jambo kwa zaidi ya miaka thelathini, nawe ukaingia kaburini kabla sijalitoa. Linahusu ule mstari mtupu katika daftari la wanyama, mstari uliokuwa wako. Ulibaki mtupu kwa sababu ya uongo wangu. Nakuandikia sasa kwa kuwa daktari ameacha kuniambia nirudi lini, na mkono huu bado unashika kalamu vizuri asubuhi, kabla haujaanza kutetemeka.

Nikupe kwanza habari za huku. Mama muuza githeri, ile ya mahindi na maharagwe, bado yuko pale sokoni Jericho, na bado anaulizia yule rafiki yangu wa kuchekacheka. Nimemwambia mara mbili kwamba ulifariki, akalia mara mbili. Mara ya tatu nilimwambia hujambo. Pale Makongeni ulipokuwa ukikaa kuchonga, siku hizi wanauza vifuniko vya simu. Nilipita mara ya mwisho nikiwa bado natembea, nikaona vibanzi vya mti wako vimekwama katikati ya mawe. Nilitaka kuinama nichukue kimoja. Sikuweza.

Safari yangu sasa ni kutoka kitandani hadi mlangoni. Hupumzika kwenye kiti cha katikati, kama tulivyokuwa tukipumzika kwenye kile kijito cha tatu, na kama siku zile, hujidai nimesimama ili nitazame mandhari.

Kikundi chetu cha kupanda milima kingali hai. Watoto wa wenzetu ndio wanaokiongoza. Huondoka Jumamosi alfajiri kutoka ukumbi wa kanisa, wamevaa nguo za rangi zinazoweza kumfukuza mnyama akiwa bonde la pili. Kila mmoja ana simu, na picha ndiyo shahidi. Ile kanuni yetu wameitupa. Unaikumbuka: mnyama haingii daftarini mpaka aonwe na watu wawili. Tuliitunga baada ya yule fundi cherehani kuapa kwamba ameona chui watatu wamelala pamoja, tukaenda tukakuta gogo moja lenye madoa ya kuvu. Na kwa kuwa nilikuwa mwalimu na mwandiko wangu ulisomeka, daftari nikapewa mimi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Tulikuwa Nyandarua, watu tisa na askari mmoja wa wanyama mwenye bunduki kuukuu. Mimi ndiye niliyeongoza njia. Nilikuwa na ramani, na nilikuwa nimesoma kila nilichopata kuhusu msitu ule. Nikawaingiza wote kwenye thabai, yale majani yanayowasha. Akina mama waliwashwa miguu hadi wakatoa machozi. Ndipo wewe ulipopita mbele, ukainama, ukagusa kinyesi cha nyati, ukatazama matawi yaliyovunjika, na katika muda mfupi ukatufikisha kwenye njia safi iliyokanyagwa. Halafu ukageuka ukaniambia mbele ya wote, “Mwalimu, hawa nyati hawakuonyeshwa ramani yako.”

Watu walicheka. Askari alicheka mpaka akaegemea mti wa mtarakwa. Nami nilicheka. Lakini nilikunja ile ramani nikaitia mfukoni kana kwamba natia aibu yangu mwenyewe, na kutoka hapo nikatembea nyuma. Nilikuwa na vyeti vitatu ukutani na wewe ulikuwa umeishia darasa la saba. Leo naona aibu kuandika kwamba niliwaza hivyo, lakini niliwaza.

Wengine walipoketi kupaka miguu yao dawa, mimi na wewe tulitangulia kutafuta maji. Tuliingia kwenye mianzi. Mbega walikuwa wamenyamaza. Yule ndege wa kijani mwenye mabawa mekundu aliruka mara moja akapotea, na baada yake hapakuwa na sauti ila umande ukidondoka. Ukanishika mkono. Ukanyoosha kidevu chako, kama ulivyofanya kila mara ulipotaka kuonyesha kitu bila kidole.

Tuliporudi hukungoja hata kuketi. Uliwaeleza kwamba umeona bongo, yule swala mkubwa mwekundu ambaye askari mwenyewe alikuwa amefanya kazi miaka mingi bila kumwona. Ulieleza pembe zilizojipinda, ncha zake zenye rangi ya pembe za ndovu, mistari myembamba myeupe ubavuni kama iliyopakwa chokaa. Wote wakanigeukia. Penseli nilikuwa nayo mkononi, daftari liko wazi gotini. Mama mmoja akaniuliza, “Mwalimu, nawe umemwona?”

Nikajibu, “Niliona majani yakitikisika. Huenda ni mbawala tu.”

Hukubisha. Hilo ndilo limenisumbua kuliko yote. Ulinitazama kidogo, ukachukua kibuyu, ukaenda kuteka maji peke yako.

Kabla hatujafika mjini ulikuwa umeshapewa jina: Shahidi Mmoja. Lilisambaa kutoka kanisani hadi Makongeni, na vijana wa mtaa wakalipenda. Kila ulipopita walikuita, “Niaje Shahidi, leo umeona simba huko Jogoo Road?” Nawe uliwajibu, “Nimemwona, na amekuulizia.” Ulilibeba kwa mzaha, na kwa sababu ulilibeba kwa mzaha nilijiambia kwamba halikuumizi. Lakini ulirudi Nyandarua mara nne kumtafuta, mara ya mwisho goti likiwa limefungwa bandeji, na kila mara uliniomba twende pamoja. Mara zote nne nilikuwa na kazi za kusahihisha.

Jina hilo lilisomwa hata kwenye mazishi yako. Msomaji wa wasifu alisema, “Marehemu Mutua, ambaye wengi tulimjua kama Shahidi Mmoja,” na watu wakacheka kwa upendo, wakijifuta machozi. Nilikuwa nimeketi safu ya pili. Ningeweza kusimama. Magoti bado yalikuwa yanaruhusu.

Kuna ile sanamu. Ulianza kuichonga wiki ileile tuliporudi, mnyama wa urefu wa mkono mmoja, kwa mti mwekundu uliouhifadhi muda mrefu. Pembe zilikuwa sawasawa. Ubavu wa kulia uliuchora mistari yote kwa ncha ya patasi, ubavu wa kushoto ukauacha laini. Nilipokuuliza mbona hujaimaliza, ulisema, “Huu ndio upande niliouona mimi. Ule mwingine ni wako, Mwalimu. Siku ukikumbuka nitauchonga.” Ukacheka, ukaiweka dirishani. Ilikaa hapo miaka yote ikitazama nje, na kila nilipokuja kwako kunywa chai nilichagua kiti kilichoipa mgongo.

Kisha hospitali. Ulikuwa umebaki mifupa na macho. Tulizungumza habari za mvua, za binti yako Ndunge na nyumba aliyohamia Komarock. Halafu ukauliza polepole, kama mtu anayeuliza saa, “Mwalimu, siku ile kwenye mianzi, ulikuwa unaangalia wapi?”

Hata pale, Mutua. Hata pale nilisema, “Nilikuwa nimeinama, nafunga kamba ya kiatu.”

Ulinifinya vidole. Ukasema, “Basi kamba ilikuwa ndefu.”

Nilikuwa nimefika kwenye lango la hospitali nilipokumbuka. Siku ile nilivaa gambuti. Wewe ndiwe uliyeniazima, kwa kuwa viatu vyangu vilikuwa vya darasani. Buti za mpira, hazina kamba. Ulijua, basi, na labda ulikuwa umejua tangu mwanzo, na bado ulikuwa umenishika mkono. Nilisimama pale langoni nikijiambia nirudi. Mlinzi akaniambia, “Mzee, saa ya kuona wagonjwa imeisha.” Nikamtii haraka, kama mtu aliyeokolewa. Ulifariki siku ya tatu yake.

Ndunge aliniletea sanamu baada ya mazishi. Alisema uliagiza nipewe mimi. Hakuniuliza kwa nini, nami sikumweleza. Iko hapa mezani, ubavu laini umenigeukia, na leo sikuigeuza.

Ndunge atakuja Ijumaa jioni. Hujui kwamba patasi zako ndogo alizichukua yeye, na kwamba akitoka ofisini huchonga ndege jikoni kwake, mumewe akilalamika vibanzi vinaingia kwenye unga. Ana mkono wako. Nitamweleza ubavu wa kushoto, mstari kwa mstari, auchonge mbele ya macho yangu. Kisha Jumamosi alfajiri atachukua barua hii hadi ukumbini na kuisoma mbele ya kikundi, wazee waliobaki na watoto wao, kabla hawajapanda gari kwenda mlimani. Nimemwomba asome kwa sauti na asiruke kitu, hata yale ya vyeti ukutani. Nimempa neno langu, na sasa nakupa wewe, kwamba nikiwa bado napumua nitakuwa nimeketi pale safu ya mbele.

Nenda salama, ndugu yangu. Hukuniaga kwa hasira, nami sistahili hilo, lakini nalichukua. Tukikutana, tembea mbele. Nitafuata nyuma yako na sitakuwa na ramani.

Daftari liko wazi. Nimeandika bongo, dume mmoja, kwenye mianzi, asubuhi. Shahidi wa kwanza, Mutua, ubavu wa kulia. Wa pili nimeandika jina langu, na hili ndilo ambalo hukupata kuliona. Uligeuka kunitazama usoni ili uone nami nikifurahi, na wakati huohuo yule bongo naye akageuka. Alinipa ubavu wa kushoto wote. Mistari kumi na mmoja. Wa nne ulikuwa umekatizwa na kovu, na sikio la upande huo lilikuwa limechanika ncha. Alisimama muda wa kutosha kwangu kuhesabu mara mbili.