Siku Niliyoikosa Meli Nikiwa Ghuba ya Aspra

Olympos, Karpathos,
Ugiriki.
Jumatano, 26 Agosti 1987.

Mpendwa Mama Mdogo Archontoula,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku mlimani. Macho yanaendeleaje baada ya upasuaji? Nimeandika kwa herufi kubwa ili uweze kujisomea bila kumsumbua Fotini. Sisi ni wazima, ila mimi nina jeraha dogo gotini, na nitakueleza nilivyolipata. Zabibu zimewahi kuiva mwaka huu. Sikukuu ya Mama wa Mungu ilikwenda vizuri, na wapiga muziki walikuja wote isipokuwa mzee wa zumari, ambaye anaumwa meno.

Najua ulisubiri simu yangu kutoka Athens. Hukuipata kwa sababu sikufika Athens. Juzi Jumatatu saa tatu asubuhi, nilipotakiwa kuwa ubalozi wa Amerika mbele ya karani na barua yako ya mwaliko, nilikuwa nakamua mbuzi. Naeleza kwa mpangilio, kama nilivyoandika kwenye daftari langu.

Kufikia Ijumaa, sanduku langu lilikuwa limeshashuka bandarini Diafani, limefichwa kwa Sofilla mshonaji. Meli ya Piraeus ingepita Jumamosi saa kumi na moja jioni. Nyumbani sikumwambia mtu. Wewe uliyezaliwa wa pili kama mimi huhitaji kuelezwa kwa nini. Nyumba ya bibi ilikwenda kwa mama, ya mama ikaenda kwa Kalliopi, mzaliwa wa kwanza, na sisi wa pili tukaenda jikoni.

Ijumaa hiyo hiyo dada Kalliopi akasema kesho twende Ghuba ya Aspra tukaoge kabla joto halijaisha. Mumewe Minas angetupeleka kwa mashua pamoja na watoto wao, na saa saba mchana tungekuwa tumerudi. Nilipiga hesabu: kutoka saa saba hadi meli ifike ni saa nne nzima. Tena kukataa kungeleta maswali, maana mimi sijawahi kukataa. Nikakubali.

Aspra unaijua. Kokoto nyeupe, maji unayoona vidole vyako vya miguu hata yakikufika kifuani, na nyuma jabali lililosimama kama ukuta. Hakuna njia ya kuingia wala kutoka ila bahari. Tulizika tikitimaji kwenye kokoto zenye maji lipate baridi, tukala jibini na nyanya. Rigopoula mdogo, binti wa Kalliopi aliyepewa jina la mama, alinifundisha kupiga mbizi. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilikuwa namuaga mtoto bila yeye kujua.

Saa tano na nusu upepo wa kaskazini ulianza. Minas akatazama mawimbi, akasema mashua haitaweza kutubeba sote.

“Natangulia na watoto. Nyie wawili tulieni, narudi hata tikiti hamjalimaliza.”

“Na mimi nipande,” nikasema. “Nina kazi nyumbani.”

“Kazi gani Jumamosi, shemeji? Mbuzi wamekuandikia barua?”

Tukabaki. Upepo ulivuma kweli, siwezi kumsingizia. Lakini saa nane na robo ulikata, na saa tisa bahari ilikuwa imetulia kama maji ya beseni. Minas hakuja.

“Unaitazama hiyo saa kama nesi wa zamu,” Kalliopi alisema. Alikuwa amelala chali kivulini.

“Mumeo amechelewa.”

“Amelala. Unamjua Minas akishashiba.”

“Hajala, dada.”

Saa kumi nikaamua kulipanda jabali, kwa kuwa mbuzi hupita pale. Nilifika kama mara tatu ya urefu wangu, jiwe moja likang’oka, nikaporomoka nalo hadi chini. Kalliopi alikuja mbio, akanifunga goti kwa leso yake, wala hakuitazama bahari hata mara moja. Mtu anayesubiri mashua huitazama bahari. Hapo nikaelewa.

“Umejua tangu lini?”

“Tangu Jumanne ulipooka mikate mikavu. Tanuri zima. Nani kwetu ni baharia, Sevasti? Paka?”

Mama Mdogo, nilificha sanduku, nilificha barua zako, pasipoti niliishona ndani ya mto. Halafu nikaoka mikate ya safari, ile ya kuokwa mara mbili, mchana kweupe, na moshi ukaonekana mtaa mzima. Mtu wetu hapandi meli bila mikate ile. Mikono ilikanda unga bila kuniuliza.

“Kwa hiyo Minas haji,” nikasema.

“Nilimwambia asije mpaka meli ipite. Upepo umetusaidia tu. Usingevuma, injini ingeharibika.”

Saa kumi na moja na dakika ishirini meli ilitokea nyuma ya rasi. Niliingia majini hadi magotini, sijui kwa nini, maana kutoka kule hakuna anayeweza kumwona mtu. Tuliitazama sote wawili mpaka ikawa ndogo.

“Ungeniambia,” Kalliopi alisema.

“Ungeniruhusu?”

“Hapana.” Akatupa kokoto majini. “Watu wanasema nyumba ya Kalliopi, nyumba ya Kalliopi. Mimi hata chumvi sijui inakaa wapi.”

“Kwenye mtungi wa bluu.”

“Unaona?” akasema, akaanza kulia. Sikumbembeleza. Ni mara ya kwanza maishani mwangu.

Minas alifika saa kumi na mbili na dakika kumi. Njia nzima aliitazama injini yake.

Sanduku langu limerudishwa. Nililikuta kitandani limefunguliwa, nguo zimekunjwa vizuri kuliko nilivyozikunja mimi. Tangu hapo nikienda kisimani mtoto mmoja hutumwa anifuate. Hakuna anayenikaripia. Jumapili Minas aliniletea pweza, na Kalliopi ananiwekea kipande kikubwa kuliko cha mumewe. Wangenifungia mlango ningejua la kufanya. Huu wema wao ndio unaonikaba.

Jana nilikwenda mkahawani kwa Filippas, penye simu, wanaume wakicheza karata. Nikapiga ubalozini. Laini ilikuwa mbaya, nikasema kwa sauti kubwa jina langu, jina lako, na neno Amerika mara nne.

“Sevasti,” Filippas akasema, “wenye Amerika yao wamekusikia bila simu.”

Ndivyo nilivyotaka. Ubalozini wamenipa miadi ya Jumatatu, tarehe 28 Septemba. Mwaliko wako unakwisha tarehe 30, kwa hiyo hakuna nafasi nyingine baada ya hiyo.

Diafani meli haifiki gatini. Lazima mtu akupeleke kwa mashua, na wenye mashua wote ni ndugu wa Minas. Basi Ijumaa tarehe 25 alfajiri nitatembea hadi Pigadia, ambako meli hufunga gatini, niipande kesho yake. Ni mwendo wa saa kumi kwa miguu. Sanduku nitaliacha. Nilisema haya yote jana mezani, watu wote wakisikia. Kalliopi aliendelea kumenya viazi. Hajanipa ruhusa. Sijaiomba.

Usimtume mtu uwanja wa ndege mpaka usikie sauti yangu kutoka Athens. Ikifika Jumatatu hiyo jioni bila simu, ujue nimezuiwa. Usifikiri kwamba nimebadili nia.

Nisalimie Baba Mdogo Vasilis, Fotini na mumewe, na Michalis. Kalliopi hajui kama nakuandikia, lakini angejua angekusalimu, maana anakupenda. Mama wa Mungu aulinde mlango wako na wote wanaoupita.

Wako akupendaye,
binti wa pili wa dada yako,

Sevasti