Hotuba ya Kumuaga Mama Pacha

Jumatatu, 4 Machi

Miguu imevimba. Mashuka ya wodi ya wazazi yameletwa mara mbili leo, na mashine ya tatu bado inavuja. Saa nane katibu wa utawala akateremka mwenyewe hadi chumba cha kufulia – mtu anayekuja huku chini mara moja kwa mwaka, tena ameziba pua. Anasema Mama Pacha anastaafu Ijumaa ya wiki ijayo, kutakuwa na hafla ndogo ukumbini, na hotuba ya kumuaga nitatoa mimi. Eti mimi ni msimamizi wake, na tulianza kazi mwaka mmoja. Dakika tano tu.

Nikajibu sawa. Mimi hujibu sawa kwa kila kitu, ndiyo maana nimechoka.

Mama Pacha alikuwa anakunja meza ya pili kutoka kwetu. Alisikia. Hakuinua kichwa.

Jumanne, 5 Machi

Nimeandika: "Ndugu Mkurugenzi, wafanyakazi wenzangu." Miaka ishirini na saba pamoja, na sipati sentensi ya pili.

Binti yangu akanikuta nimeinamia meza. Mama, unajitesa bure, anasema. Kuna mwalimu mstaafu pale duka la fotokopi, huwaandikia watu hotuba za harusi na misiba. Unampa habari kidogo, kesho kutwa unachukua karatasi yako. Nikamwambia mdomo haukodishwi. Akacheka – mbona wakubwa wote wanakodi?

Nikazima taa. Nilikuwa na usingizi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa mwalimu. Mtu mzima, shati safi, miwani imefungwa uzi upande mmoja. Nilitegemea domokaya, kumbe ni msikilizaji. Hilo ndilo baya. Akauliza Mama Pacha ana tabia gani, ana watoto wangapi. Nikajibu vizuri tu. Halafu: "Na wewe, dada, amekutendea jambo gani ambalo hutalisahau?"

Nikaitazama mashine ikitema karatasi. Nikasema alinishikia zamu wiki nzima mwanangu alipougua surua. Kweli alinishikia. Lakini si hilo.

Nitaliandika hapa, maana hapa hasomi mtu.

Ule mtambo wa pasi, wenye rola mbili za moto, una kinga ya chuma mbele ili vidole visifike. Kinga hiyo inachelewesha kazi. Miaka tisa iliyopita, siku ambayo mashuka yalikuwa mlima, niliifungua nikaiegemeza ukutani. Mama Pacha akarudi kutoka chai, akalisha shuka kama kawaida yake. Rola ikamvuta mkono wa kushoto mpaka kwenye kifundo.

Watu wa utawala walikwenda kumhoji kitandani, nani aliyefungua kinga. Mimi nimesimama miguuni pake. Akasema, "Ni mimi mwenyewe. Nilikuwa na haraka." Alijua nina watoto watatu, na mume wangu wakati ule hakuwa na kazi. Wakampa barua ya onyo. Mwaka uliofuata ikatangazwa nafasi ya usimamizi. Aliyestahili ni yeye. Barua ile ikamzuia, nikapewa mimi.

Sikumshukuru. Mwanzo niliogopa, kisha nikaona haya, kisha ikawa muda umepita mno. Siku hizi tunaongea habari za sabuni.

Jumamosi, 9 Machi

Hotuba imeshatoka. Ukurasa mmoja na nusu, na ni nzuri, siwezi kumdhulumu mzee wa watu. Anasema mimi na Mama Pacha ni chanda na pete, ni ulimi na mate. Ulimi na mate vinakaa kinywa kimoja. Sisi hata chai hatunywi meza moja.

Binti yangu kaisoma kwa sauti jikoni mpaka akafuta machozi. Mimi nilikuwa namenya vitunguu, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza kitu.

Jumapili, 10 Machi

Nimejaribu ya kwangu tena. Safari hii imekuja kama maji. "Kinga niliifungua mimi, siyo yeye." Nusu ukurasa bila kufuta neno. Kisha nikakumbuka Mkurugenzi atakuwepo, nami nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Sasa nina hotuba mbili. Ya mwalimu haina hatari. Ya kwangu inaweza kunifukuzisha kazi. Usiniulize ipi nimeisoma mara nyingi zaidi.

Jumatano, 13 Machi

Nimemwambia.

Wenzetu walikuwa wamekwenda kula, tumebaki wawili chumba cha kukaushia. Nikasema, "Mama Pacha, Ijumaa nataka kusema nani aliyefungua kinga."

Akaendelea kukunja. Ule mkono haufungi vizuri, lakini hakuna kijana anayemfikia.

"Utamwambia nani?"

"Wote."

"Mimi nimo katika hao wote?"

Sikumwelewa. Akaweka shuka chini. "Mwenzangu, miaka tisa niko meza ya pili kutoka kwako. Hujaniambia mimi. Leo unataka ukumbi."

Nikasema nisamehe. Lilitoka kavu, kama mtu anayeomba apishwe njia. Miaka yote hii nilidhani nitalia.

Akachukua shuka jingine. Akasema, "Wanangu watakuja, na wakwe, na wajukuu. Nyumbani wote wanajua ulikuwa uzembe wangu. Usinifanye mwongo mbele yao siku yangu ya mwisho. Ukielemewa, mwandikie Mkurugenzi Jumatatu, mimi nimeshaondoka. Mzigo ni wako, usiutue juu ya keki yangu."

Nikasema basi nitasoma ile nyingine.

"Ile ya kununua? Hiyo usinisomee kabisa."

"Umejuaje?"

"Binti yako kamwambia Kulwa wangu. Dunia haina siri." Kidogo acheke, akajizuia. "Sema kitu. Kifupi. Lakini kiwe chako."

Kengele ikalia, wenzetu wakarudi. Nimefika getini ndipo nikagundua hakusema kama amenisamehe. Nikataka kurudi kumuuliza. Miguu ikakataa, au nikaisingizia.

Ijumaa, 15 Machi

Niko stoo ya mashuka. Daftari nimekuja nalo kwenye mkoba, sijawahi kufanya hivyo. Juu wanapanga viti, nasikia vinavyoburutwa. Mama Pacha kaja na gauni la bluu na viatu vya kisigino – sikujua ana viatu hivyo. Wajukuu wanne. Mmoja kaniamkia, akaniita bibi.

Nimeandika mistari saba. Zamu za wiki ya surua zimo. Namna anavyowafundisha wafanyakazi wapya kukunja pembe za shuka, imo. Hakuna uongo, na siku ile haimo. Nikiisoma polepole haifiki hata dakika mbili. Mwisho nimeandika: "Asante, Mama Pacha, kwa kila kitu." Nikafuta "kwa kila kitu". Nikalirudisha. Nikafuta tena. Watu watadhani ni asante ya kawaida. Yeye atajua, na sijui atatazama wapi.

Ya mwalimu nimeiacha nyumbani. Ile ya nusu ukurasa ninayo mkobani. Juu yake nimeongeza "Kwa Mkurugenzi", na tarehe ya Jumatatu. Sijatia sahihi.

Katibu kagonga. Anasema watu wameshakaa, keki imewekwa, wananingoja mimi tu. Nimejibu nakuja.

Bado nimekaa. Nasikia wanapiga makofi, sijui wanampigia nani –