Bustani Iliyonipandishia Bei

Jumatatu, 3 Februari

Dada kapiga simu asubuhi, nina kaptula za shule kumi na mbili mezani zinasubiri zipu. Nikajua ana neno – kaniuliza habari za mvua mara tatu! Mwishowe akalitoa. Mwenye nyumba wao ameuza jengo, wapangaji wote wamepewa miezi mitatu wahame. Amechoka kuhamahama. Anataka kujenga vyumba viwili vyake mwenyewe, vidogo tu. "Kitinda, naomba fungu langu la nyumba ya Mama." Sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani.

Ni haki yake. Mama katuachia wawili. Mimi naishi humu na yeye hajawahi kudai hata dirisha.

Tumekubaliana: aje mthamini aseme nyumba ina thamani gani, mimi nimlipe Dada nusu, nibaki. Nikishindwa, tunauza na kugawana.

Nimemweleza mke wangu. Kauliza swali moja tu: "Na cherehani utaiweka wapi?"

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda chama chetu cha akiba na mikopo. Afisa mikopo kafungua faili langu, kapiga hesabu, kafunga. Nusu ya bei ya nyumba ya kawaida ya mtaa huu – watanikopesha. Ikizidi hapo, hata kidogo, hawawezi.

Nimerudi natembea mwepesi. Nyumba yetu si ya kawaida tu, ni ya kawaida kabisa! Bati limechakaa. Dari ya sebuleni ina alama ya kila mvua iliyonyesha. Sijawahi kufurahia bati bovu namna hii.

Jumatano, 5 Februari

Mthamini kaja. Bwana mrefu, viatu vya mpira, faili kwapani. Nilidhani ataingia ndani moja kwa moja. Wapi! Kasimama chini ya mwarobaini, kavua kofia, kajifuta jasho. Kisha kaenda kuweka kiganja kwenye ukuta wa upande wa magharibi.

"Shika hapa," akasema. Nikashika. "Saa tisa hii, jua linawaka, na ukuta haujapata moto. Huo ni mti unafanya kazi."

Basi tukazunguka. Mwarobaini uko mbali na msingi, hauupasui, lakini kivuli chake kinafika vyumbani – vizuri. Ua wa michongoma umeshonana, mwizi hapiti – vizuri. Ukoka umeshika udongo, mvua haichimbui msingi – vizuri. Mkomamanga, waridi, asumini chini ya dirisha la Mama, mlimau wa getini – vizuri, vizuri! Kosa moja tu: mstafeli uko karibu mno na shimo la choo, mizizi itakuja kulitafuta.

"Watu hudhani mnunuzi anaamua sebuleni," akasema. "Anaamua getini. Ndani anaingia akiwa ameshapenda." Nyumba yenyewe ya kawaida, akasema. Bustani ndiyo inayoipandisha. Tena sana.

"Nani anaitunza?"

"Mimi!" Limenitoka kabla sijafikiri. Nikatunisha na kifua. Nikamsimulia yote: miaka kumi na miwili iliyopita, nilipohamia kumuuguza Mama, hapa palikuwa mchanga na matofali yaliyovunjika. Samadi niliibeba kwa baiskeli, gunia kwa gunia. Mama anakaa dirishani kwenye kiti chake cha magurudumu, anatoa amri. "Sogeza kushoto!" Kushoto kwangu au kwako, Mama? Alikuwa na maana ya kwake. Mkomamanga niliupanda mara mbili.

Mthamini kacheka. Atarudi Jumanne ijayo na tepu na kamera, apime, aandike ripoti ya mwisho.

Alipoondoka nikakaa kwenye cherehani, mguu kwenye pedali, sikuweza kuukanyaga. Miaka kumi na miwili nilikuwa naimwagilia bei! Sasa nitakiwe kununua jasho langu mwenyewe. Na mkopo hautoshi.

Alhamisi, 6 Februari

Leo sikumwagilia.

Mke wangu: "Bomba lina nini?" Nikamwambia napumzisha mgongo.

Ijumaa, 7 Februari

Jua kali. Waridi zimeinamisha vichwa. Ukoka umeanza kuwa rangi ya gunia. Mteja aliyefuata sare za wanawe katazama huku na huku, kaniuliza kama naumwa.

Nimeshona suruali mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Nimefumua. Nimeshona tena.

Jumamosi, 8 Februari

Nimechukua panga. Naliandika hapa maana sina pa kulisema.

Mnunuzi anaamua getini – basi nikaenda getini. Ule mlimau niliuotesha kwa mbegu, kwenye kopo la maziwa, mwaka wa kwanza. Nikalikata tawi kubwa, lile lililofunika njia. Panga mara tano. Malimau machanga yakatawanyika hadi barabarani, kijani, magumu, hayajafaa kitu. Mti umebaki kama mtu aliyenyolewa upande mmoja.

Nageuka – mke wangu kasimama nyuma yangu. Sijui tangu lini.

"Unamwibia dada yako kwa ndoo tupu," akasema.

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia, na Dada je? Nani alimgeuza Mama kitandani? Nani alimlisha uji kijiko kwa kijiko? Nani alichimba hapa? Yeye anakuja kukuta kivuli tayari!

Hakubisha. "Ni kweli yote. Basi mwambie hivyo. Kwa mdomo. Usimwambie kwa panga."

Hajasema nami tena mchana kutwa. Kaumwagilia mchaichai wake wa mlango wa jikoni, huku anaimba kwa sauti kubwa makusudi.

Mikono yangu ina harufu ya limau. Sabuni haiitoi.

Jumapili, 9 Februari

Dada amefika! Bila taarifa. Kapanda basi la alfajiri, saa nne hivi namwona getini, begi begani, kasimama tu. Anatazama. Kisiki cha tawi. Waridi. Ukoka.

Nilishaandaa uongo wangu: maji yamekuwa ya shida. Nilikuwa nao ulimini. Hakuuliza! Kanishika mashavu kwa mikono miwili, hivyo hivyo mimi na mvi zangu. "Umekonda, mdogo wangu." Kisha akasema anajua nimechoka. Mama nimemuuguza peke yangu, yeye kazi yake ilikuwa kutuma salamu. Sasa na bustani yote hii juu ya kichwa kimoja. Nani asingechoka?

Nikampokea begi.

Kakunja mikono ya gauni, kachukua ndoo. Ana miaka hamsini na mitatu na magoti yake yanalia kila akiinama. Nikajaribu kumnyang'anya, kanipiga kofi mkononi. Kazi yake unesi, na anamwagilia kinesi: kidogo, anangoja, kidogo tena. Mgonjwa wa kiu, akasema, ukimpa maji yote mara moja anayatapika. Kila ua la waridi aliliinua kidevu akalitazama uso, kama anatafuta homa.

Mke wangu kafungulia bomba. Kanitazama. Mimi nikatazama chini – nikachukua ndoo ya pili.

Tumemaliza saa saba. Ardhi ilikuwa inayanywa maji kwa sauti, tuliisikia.

Jumatatu, 10 Februari

Mchana, kibarazani. Mimi nashona mashati, Dada kajitolea kunitilia vifungo. Kisha, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano, akanieleza.

Ijumaa alimpigia mthamini simu, akasikia kwamba bustani ndiyo inayopandisha bei. (Ijumaa! Siku ya pili ya ndoo tupu.) Alimwomba aithamini nyumba kama ilivyokuwa zamani, na mchanga wake na matofali yake. Bustani asiihesabu. Mthamini akacheka, akamwambia haiwezekani. Miti inakwenda na kiwanja kama mlango unavyokwenda na nyumba, na yeye anaandika anachokiona. Ila akasema: nyinyi ni ndugu, mnavyogawana wenyewe mimi hainihusu.

"Kwa hiyo nimeshaamua," Dada akasema. "Atuambie nyumba ingekuwa bei gani bila bustani. Nusu ya hiyo ndiyo yangu. Kilichoongezwa na miti si changu. Sikuchimba hata shimo moja."

Sindano ya cherehani ikanichoma kidole. Heri! Nikapata sababu ya kufumba macho.

"Lakini vyumba vyako viwili?" nikamuuliza.

"Kitaanza kimoja." Akakata uzi kwa meno. Akaniambia kule kwao ghorofa ya tatu ameotesha vitunguu dirishani, kwenye kopo la biskuti. Kila asubuhi anavihesabu. Viko tisa. Akacheka peke yake.

Nikapiga moyo konde. "Dada, hii bustani, mimi nili–"

"Itarudi," akasema. "Nipe shati jingine."

Nikaingia bafuni, nikafungulia maji, nikakaa humo hadi mke wangu akagonga mlango. Mwoga! Mwanamume mzima naogopa mtu anayenishonea vifungo.

Nimepiga hesabu yangu mwenyewe, si ya fedha. Mimi nilikaa na Mama miaka kumi na miwili. Nikamsikia akicheka kila siku. Dada aliupata huo mcheko kwa simu, mara moja kwa wiki, tena ukikatika-katika. Hayo ya kubeba samadi nayahesabu. Hili mbona sikuwahi kulihesabu?

Jumanne, 11 Februari

Naandika haraka. Nimetumwa ndani kuchukua hati ya kiwanja, wananisubiri nje.

Mthamini kaja saa tatu na tepu yake. Kafika getini, kasimama. Kashangaa waziwazi. "Nini kimepita hapa?" Kazunguka, kapima, kapiga picha. Waridi mbili zimeinua vichwa, ukoka bado. Akasema maua ya wiki hii hayamsumbui. Mizizi iko chini, mvua mbili tu yatarudi. Sikuiua bei! Siku zote zile za kiu – bure kabisa. Nilicheka, au nilitaka kulia, sijui.

Lakini mlimau, akasema, ni jambo jingine. Tawi kama lile halirudi msimu mmoja. Lango limebaki uchi. Itabidi alishushe kwenye ripoti. Akauliza, kalamu mkononi: "Nani ameukata?"

Mke wangu akanitazama. Nikafungua mdomo.

"Mimi," akasema Dada.

Kavu! Hata hakupepesa. Akasema aliukata yeye juzi Jumapili, tawi lilimkwaruza usoni akiwa anaingia na begi, akachukia. Mthamini akatikisa kichwa, akasema akina mama mna hasira na miti. Dada akacheka naye.

Alilikuta limeshakatwa. Utomvu ulishakauka. Anajua! Tangu aliposimama pale getini anajua. Ndoo zote zile alimwagilia akijua. Vifungo vile vyote. Na alipoinua ndoo ya kwanza hakuniuliza, ili nisilazimike kudanganya.

Kisha akanigeukia, "Kitinda, mletee hati" – sauti ileile ya kuniambia, zamani, nikanawe mikono.

Hati ninayo hapa. Ilikuwa juu tu, sikuhitaji hata kutafuta. Mke wangu kasimama mlangoni. Dirishani nawaona: mthamini kaweka faili kwenye goti, ameanza kujaza. Sehemu ya lango. Anaandika jina la Dada pale.

Natoka. Nitamwambia mthamini asimamishe kalamu, mlimau niliukata mimi, kwanza hiyo, halafu nimwambie Dada kuhusu nusu kwa nusu, na miti yake yote ndani, na kama mkopo hautoshi basi tutakaa chini sote wa–

Dada ananiita tena.