Mtetemo wa Usukani, Barabara ya Busale

Jumatatu, 31 Machi

Chanjo kijijini Ngana, kama kila mwisho wa mwezi. Mimi na Nesi Tusajigwe, sanduku la chanjo katikati yetu. Mvua inanyunya. Watoto wengi, vilio vingi. Tumemaliza mapema.

Kurudi ndiyo habari. Tumevuka daraja dogo, tairi la mbele likapiga shimo, usukani ukaanza kucheza. Si ule mtetemo wa barabara mbovu. Ulikuwa unanipiga viganja, kushoto kulia, kushoto kulia, haraka kuliko ninavyoweza kuushika. Gari zima likatikisika kama ungo unaopepeta mpunga. Nesi akalikumbatia sanduku. Nikaachia mafuta, sikugusa breki, nikaliacha mpaka likachoka lenyewe.

Likatulia. Tukaja nyumbani kama hakuna kilichotokea.

Watu wanaliita Mkonga, kwa ajili ya lile bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Zee, lakini limepanda vilima ambavyo magari mapya yalishindwa. Miaka yote niliyokuwa dereva wa zahanati hii sijawahi kuliogopa. Leo nimeliogopa.

Jumanne, 1 Aprili

Nimekagua matairi. La mbele kushoto lina uvimbe upande wa ndani, kama jipu. Nikashukuru. Ugonjwa unaoonekana si ugonjwa mbaya. Nimefunga la akiba, nimepima upepo yote manne, nimekaza nati. Nikaenda nalo kwenye lami mpaka karibu na Kasumulu na kurudi. Limenyooka kama rula.

Nimelala mchana. Raha.

Alhamisi, 3 Aprili

Busale. Nesi alitaka kumwona Neema, mke wa kijana mmoja mkulima wa mpunga kule juu. Ana mimba ya mapacha, na mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji. Daktari ameshasema: huyu asisubiri uchungu nyumbani. Tumekubaliana tumfuate Ijumaa ya wiki ijayo tumlaze hospitali Kyela. Bodaboda haifai kwa hali yake, na barabara ile msimu huu hakuna gari jingine linaloipanda.

Neema ni mdogo wa umbo, tumbo kubwa, na anacheka kila kitu. Mama mkwe wake, Mama Ambege, alitupa mbalaga, zile ndizi za kupika, na samaki. Nimeshiba vibaya.

Kuteremka, lile jambo limerudi. Safari hii halikutulia upesi. Lilitusukuma mpaka ukingoni, kulia kwetu majaruba yamejaa maji. Nesi hakupiga kelele. Alisema tu, "Dada Bupe, gari hili lisimame." Likasimama.

Kwa hiyo haikuwa tairi.

Ijumaa, 4 Aprili

Kwa Fundi Ambakisye, karibu na soko la Kyela. Sijawahi kumpenda. Anaongea kama redio. Kila gari lililopona mjini hapa amelitibu yeye, kila lililokufa liliuawa na fundi mwingine. Lakini magari ya porini anayajua, hilo halina ubishi.

Akaliinua mbele kwa jeki. Akatikisa magurudumu juu chini, kushoto kulia. Beringi moja ilikuwa imelegea kidogo, akaikaza. Tairodi, chuma kinachounganisha magurudumu ya mbele, ilikuwa nzima. Akagonga huku na huku, akaingia chini, akatoka. Kisha akanionyesha shokapu ya usukani, ile ndogo iliyolala mbele ya ekseli kuzuia usukani usicheze. Imekufa, inavuja mafuta. Akafunga mpya.

"Dada, nenda. Likitetemeka tena, mimi naacha ufundi nauza kokoa."

Mafundi wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimelipeleka Ipinda na kurudi, mashimo kwa mashimo. Usukani mwepesi, mtulivu. Nimempigia fundi kumshukuru. Alinieleza mambo mengi kuhusu yeye mwenyewe.

Jumatatu, 7 Aprili

Gari liko kwenye shamba la kokoa. Hatujaumia sana. Naandika kwa shida, kidole gumba cha kulia kimevimba, usukani ulikipiga.

Tulikuwa tunarudi kutoka kupeleka dawa. Shimo dogo tu, la kawaida. Ule mtetemo ulikuja wote kwa pamoja, mbaya kuliko wa mwanzo mara nyingi. Sikuona barabara tena, niliona vitu viwili viwili. Tukaruka mtaro, tukapita kati ya mikokoa miwili, tope likatushika. Ningekuwa nimempakia Neema? Hilo ndilo nimeliwaza mpaka sasa.

Nina hasira na Ambakisye. Hasira ya kutetemesha. Nimewaambia zahanati kwamba siliendeshi gari hili na mtu yeyote ndani mpaka lijulikane linaumwa nini. Wengine walisema niende polepole tu. Nimekataa. Nesi Tusajigwe amesimama na mimi, ingawa yeye ndiye anayezihesabu siku za Neema.

Jumanne, 8 Aprili

Nilijiandaa kwenda kumtukana. Sikufika. Amekuja mwenyewe shambani, kwa bodaboda, mvua kubwa, sanduku la spana mapajani. Amesikia habari sokoni.

Palikuwa na watu wengi shambani, madereva watatu wa malori wamekuja kutusaidia kulivuta gari. Nilidhani atasema barabara ni mbovu, au dereva ni mwanamke. Alisimama mbele yetu sote, maji yanamtiririka, akasema kwa sauti ile ile anayojisifia:

"Hili nimelikosea mimi. Dada aliniletea gari, nikatibu homa nikaacha ugonjwa. Shokapu mpya iliuficha ule mtetemo mpaka ukapata nguvu."

Hakuna aliyecheka. Dereva mmoja mzee wa malori alitingisha kichwa polepole, kama mtu aliyesikia neno zuri kanisani.

Hasira yangu sikuiona ilipokwenda. Sijawahi kusikia fundi akisema hivyo. Sijawahi kusikia mtu yeyote akisema hivyo bila kubanwa.

Tumelivuta mpaka barabarani. Likakokotwa taratibu hadi gereji.

Jumatano, 9 Aprili

Siku nzima gereji. Ameacha kazi nyingine zote. Na hakuongea. Ambakisye, hakuongea!

Alitoa kitu kimoja kimoja, akakiosha, akakigeuza kwenye mwanga, akakirudisha. Bushi, zile pete za mpira. Viungo vya mpira. Sanduku la usukani kama limekaza. Kila kitu kizima. Mchana hakula. Alikaa juu ya tairi, akiliangalia gari kama mtu anayeangalia mgonjwa aliyelala.

Kisha akasimama ghafla. "Nilikuwa nalipima likiwa hewani. Likiwa hewani halina mzigo. Gari haliumwi likiwa kwenye jeki, linaumwa likiwa chini."

Akaondoa jeki. Akaniambia niwashe injini, nigeuze usukani kidogo kidogo kushoto na kulia, nisiache. Yeye akalala chini kwenye matope na kuweka kiganja kwenye kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Nilikuwa naona buti zake tu. Niligeuza, nikageuza. Kidole kinauma. Buti hazisogei.

Halafu zikapiga ardhi kwa visigino, kama mtoto.

Kule juu, ndani, kuna chuma kirefu kinachoishika ekseli ya mbele isihame kwenda pembeni. Kimefungwa kwenye sikio la chuma lililochomelewa kwenye chesisi. Bushi zake nzima. Boliti yake imekaza. Lakini tundu la lile sikio limelika, si duara tena, limekuwa yai, na boliti inacheza ndani yake. Juu ya tundu kuna ufa, umefunikwa na tope la miaka mingi. Akaniita chini ya gari, akanishika mkono akaniwekea kidole pale. Fundi mwenzake akageuza usukani. Nikausikia. Tik. Tik. Kitu kidogo hivyo.

Nililia kidogo. Yeye akajifanya anatafuta spana.

Alhamisi, 10 Aprili

Amekata sikio jipya kwenye bamba nene. Kuchomelea kumechelewa, umeme umekatika asubuhi yote. Ulipopoa uchomeleaji aliugonga kwa nyundo kwa nguvu zake zote, mara nyingi, mpaka majirani wakaja kuuliza.

Kisha akakataa nisipande. Alikwenda peke yake, mwendo ule ule wa Jumatatu, kwenye mashimo yale yale. Nikasimama barabarani nikimsikiliza akienda. Akarudi. Akazunguka, akarudi tena. Akashuka, akanipa ufunguo kwa mikono miwili. Hakusema atauza kokoa.

Ijumaa, 11 Aprili

Simu imekuja alfajiri, Nesi akanigongea. Uchungu umemwanza Neema siku ile ile ya mpango, kabla hatujamfuata.

Nilipofika pale gari lilipo, Ambakisye alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma na spana zake. Sijui nani alimwambia. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Wanakokwenda hao ninaowaambia gari ni zima."

Barabara ya Busale leo ilikuwa mto. Nililipandisha kwa gia nzito. Mama Ambege alikuwa ameshamfunika mkwewe kwa kanga mbili, anamwimbia wimbo wa kanisani kwa Kinyakyusa. Neema hakucheka safari hii. Lakini aliingia garini kwa miguu yake, akakataa kubebwa. Namheshimu sana binti huyu.

Kuteremka, kila shimo nililipiga nikiwa nimebana pumzi. Usukani ulitulia mikononi. Shimo, tulivu. Shimo, tulivu. Kwenye kioo nilimwona Ambakisye amefumba macho, ameinamisha kichwa pembeni. Alikuwa anasikiliza.

Tumefika. Wamempeleka moja kwa moja chumba cha upasuaji. Watoto wawili, msichana na mvulana. Mama mzima. Mama Ambege alipiga magoti kwenye korido. Ndaga fijo, ndaga fijo, akimshukuru Mungu na kila aliyepita na hata mtu wa usafi.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Baada ya ibada nimepita wodini. Mvua imekatika, madirisha wazi.

Ambakisye alikuwa pale, shati la kanisani, amesimama mbali na kitanda. Alikuwa anamweleza Neema yote: kwamba alilikosea gari, kwamba angepanda Jumatatu ile angeweza kufa, yeye na watoto. Hakupunguza hata neno. Wagonjwa wengine walikuwa wanasikia.

Neema alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia aketi, akamwekea yule msichana mikononi.

Mikono yake aliiosha sana, inaonekana, lakini oili haitoki kwenye kucha. Alimshika mtoto mbali na shati, halafu akamsogeza karibu. Mtoto alipiga miayo. Nikakaa kwenye kitanda kitupu upande wa pili, nikawatazama.